Gebali: Mji wa Mierezi na Herufi

Wasikilizaji na wasomaji wetu, neno Biblia hutajwa katika nchi zetu kila siku, wala si wengi waulizao lilikotoka. Waliotuletea walilitoa katika lugha za Ulaya, na watu wa Ulaya walilipata kwa Wayunani. Kwa Kiyunani maana yake ni vitabu, nalo limetokana na neno byblos, yaani mafunjo, ile mimea mirefu iotayo penye maji ya Mto Nili, ambayo watu wa kale walitengeneza karatasi kwayo. Wataalamu wengi husema ya kwamba Wayunani waliyaita mafunjo kwa jina hilo kwa sababu yalipitia katika mji mmoja wa pwani, nao mji huo waliuita Byblos. Basi leo twataka kuwasimulia habari za mji huo, tangu siku za wavuvi wa kwanza hata siku hizi za watalii.

Mji wenyewe ungaliko. Uko katika nchi ya Lebanoni, yapata kilometa 37 kaskazini ya Beirut, mji mkuu wa nchi hiyo. Wenyeji wake husema Kiarabu, nao huuita Jubayl. Katika Agano la Kale umetajwa kwa jina la Gebali. Sisi tutasema Gebali katika habari za kale, na Jubayl tutakapofika zamani za Waarabu. Msije mkadhani kwamba ni miji miwili.

Mji huu haukuwa na jeshi kubwa hata siku moja, wala haukuwa na mashamba mapana. Uliishi kwa kuwauzia wageni vitu walivyovitaka. Basi tuulize swali moja tangu mwanzo hata mwisho: katika mali yote iliyopita bandarini pale, ni ipi iliyokwisha, na ni ipi iliyobaki?

Mahali Penyewe

Mkitazama ramani mtaona kwamba Lebanoni iko mwisho wa mashariki wa Bahari ya Mediterania. Pwani yake ni nyembamba sana. Mtu akiipa bahari mgongo huiona milima mbele yake ikipanda kwa ghafula, na wakati wa baridi vilele vyake hufunikwa na theluji. Hapo Gebali pana kilima kidogo cha mawe kilichosimama juu ya bahari. Kando yake pana ghuba ndogo za kutia vyombo, na katikati yake chemchemi ya maji matamu. Bandari, maji ya kunywa, na milima yenye miti: mambo hayo matatu ndiyo yaliyowavuta watu.

Waliochimba katika kilima hicho wamekuta alama za wavuvi waliokaa pale yapata mwaka 7000 kabla ya Kristo. Nyumba zao zilikuwa ndogo, za chumba kimoja, na sakafu zao zilipigwa chokaa. Katika zamani zilizofuata, wenyeji walizika wafu wao ndani ya mitungi mikubwa, wamekunjwa magoti kama mtoto alivyo tumboni mwa mamaye. Tangu wavuvi wale hata leo, ni vigumu kutaja wakati ambao mahali pale hapakuwa na watu. Ndiyo sababu Gebali huhesabiwa pamoja na miji michache ya dunia iliyokaliwa muda mrefu kuliko yote.

Biashara ya Mierezi

Nchi ya Misri ilikuwa na mawe mengi, dhahabu nyingi na nafaka nyingi, lakini miti mikubwa haikuwa nayo. Mtende na mkuyu havifai kuunda merikebu ndefu, wala milango ya mahekalu. Milima iliyo nyuma ya Gebali, kinyume chake, ilifunikwa na mierezi. Mwerezi ni mti mrefu, mbao zake zanukia, na wadudu hawazipendi. Utomvu wake pia ulitakiwa Misri kwa kutunza maiti za wakubwa zisioze.

Hivyo bahari ikawa njia ya biashara. Jiwe moja la Misri lenye tarehe za wafalme lasimulia kwamba katika zama za Firauni Sneferu, yapata mwaka 2600 kabla ya Kristo, zililetwa merikebu 40 zimejaa magogo. Na katika mwaka wa 1954 iligunduliwa, shimoni kando ya Piramidi Kubwa, merikebu ya Khufu, mwana wa Sneferu, imefunguliwa vipande vipande na kupangwa vizuri. Ilipoungwa tena, urefu wake ulikuwa yapata meta 43, na mbao zake nyingi ni mierezi ya Lebanoni. Mbao hizo zilikuwa zimekaa gizani miaka 4500, wala hazikuoza.

Wamisri waliuita mji huu Kebeni, na merikebu zao kubwa za baharini wakaziita merikebu za Kebeni. Jina hilo walilitumia hata kwa vyombo vilivyoshuka Bahari ya Shamu kwenda nchi ya Punt, ambayo wataalamu wengi huiweka katika pembe hii ya Afrika ya Mashariki. Yaani mji mdogo wa kaskazini uliyapa jina majahazi yaliyokuja upande wetu.

Wenyeji wa Gebali nao walitajirika. Walimjengea mungu wao wa kike, waliyemwita Bibi wa Gebali, hekalu kubwa, na mafirauni wakapeleka humo vyombo vya mawe ya thamani vilivyochorwa majina yao. Wafalme wa Gebali walijifunza maandiko ya Misri, wakavaa mapambo ya Kimisri, na wengine wakajiita kwa cheo cha liwali wa Firauni. Walijua nani mnunuzi wao. Lakini ajengaye nyumba yake kwa mkono wa mnunuzi mmoja, siku mnunuzi akigeuza uso, nyumba hutikisika. Hayo ndiyo yaliyomfika mfalme tutakayemtaja sasa.

Barua za Mfalme Mzee

Katika mwaka wa 1887, mahali paitwapo Tell el-Amarna katika nchi ya Misri, zilionekana barua za udongo zaidi ya 300. Ziliandikwa kwa alama za Babeli, katika karne ya 14 kabla ya Kristo, na nyingi zilitoka kwa wakubwa wa miji ya Shamu waliomtumikia Firauni. Yapata barua 60 katika hizo zilitoka kwa mtu mmoja, Rib-Hadda, mfalme wa Gebali.

Mambo ya Rib-Hadda yalikuwa ya kusikitisha. Adui zake wa milimani, Abdi-Ashirta na baadaye mwanawe Aziru, walikuwa wakiichukua miji yake mmoja baada ya mmoja. Aliandika akiomba askari, hawakuja. Aliandika akiomba nafaka, haikuja. Alieleza kwamba watu wake wamekwisha kuuza wana wao na binti zao, na hata mbao za nyumba zao, ili wapate chakula. Tufikirini neno hili. Katika mji uliouza mierezi kwa wafalme wa dunia, watu walibandua mbao za nyumba zao wenyewe wakaziuza, wapate kushiba siku moja. Naye Firauni, badala ya kumsaidia, alimlalamikia kwamba anaandika mno kuliko wakubwa wote wengine.

Mwishowe Rib-Hadda, mzee na mgonjwa, alikwenda Beirut kutafuta msaada. Aliporudi alikuta ndugu yake mdogo ameushika mji na kumfungia lango. Mwisho wake ulikuwa ugenini. Barua zake zikafunikwa na mchanga, na zaidi ya miaka 3200 ikapita kabla ya mtu kuzisoma tena.

Mjumbe Asiye na Fedha

Baada ya hapo nguvu za Misri zilipungua sana. Iko hadithi moja ya Kimisri, iliyoandikwa katika karatasi ya mafunjo, juu ya Wenamun, mtumishi wa hekalu la Amon, aliyetumwa Gebali yapata mwaka 1100 kabla ya Kristo kuleta mbao za merikebu ya mungu wake. Wataalamu hubishana kama Wenamun alikuwa mtu kweli au mtu wa hadithi, lakini hukubali kwamba hadithi yenyewe yaonyesha vema jinsi mambo yalivyogeuka.

Wenamun aliibiwa fedha zake njiani, akafika Gebali mikono mitupu. Mfalme wa mji, jina lake Zakarbaal, alimpelekea neno kila siku atoke bandarini mwake, na kwa siku 29 mjumbe wa Misri akakaa akifukuzwa kama mdaiwa. Alipoitwa hatimaye mbele ya mfalme, alidai mbao kwa kusema kwamba baba zake Zakarbaal walizitoa, naye yampasa kuzitoa. Mfalme hakugombana naye. Aliamuru daftari za baba zake ziletwe, zikasomwa mbele ya mgeni, nazo zilionyesha kwamba Misri ililipa fedha kila mara. Wahenga wetu husema, mali bila daftari hupotea bila habari. Zakarbaal hakulijua neno hilo kwa Kiswahili, ila alilijua kwa vitendo.

Basi Wenamun ilimbidi kuagiza malipo kwao. Yakaja dhahabu, fedha, nguo za kitani, ngozi za ng'ombe 500, kamba 500, dengu na samaki, na kwa tafsiri ya wataalamu kadhaa, mizingo 500 ya mafunjo. Ndipo Zakarbaal alipotuma watu 300 na ng'ombe 300 kwenda mlimani kukata miti.

Watu wa Gebali walisifiwa pia kwa kazi ya mikono. Kitabu cha kwanza cha Wafalme chawataja Wagebali miongoni mwa waliotengeneza miti na mawe ya hekalu la Sulemani, na Ezekieli awataja wazee wa Gebali kuwa mafundi wa kuziba nyufa za merikebu, kazi ambayo kila baharia wa pwani yetu aijua kwa jina la kalafati.

Herufi 22

Sasa twafika penye jambo lililo kubwa kuliko mierezi. Katika Misri mwandishi alipaswa kujua mamia ya alama kabla ya kuandika vizuri, na katika Babeli vilevile. Kwa hiyo kuandika kulikuwa kazi ya watu wachache, waliowekwa chuoni miaka mingi. Wengine wote, hata matajiri, waliishi kwa kusomewa.

Watu wa Gebali walijaribu njia zao. Zimeonekana pale bamba za shaba nyeusi zenye maandiko ya namna ya peke yake, ambayo hayajasomwa hata leo. Kwingineko, katika Misri na rasi ya Sinai, watu wa jamii ya lugha za Kisemiti walikuwa wameanza kuandika kwa alama chache, kila alama sauti moja. Sisi hatusemi kwamba Gebali iliyazua hayo. Lakini maandiko marefu ya kwanza yanayojulikana katika herufi za Kifoinike zilizokamilika yalionekana Gebali, juu ya jeneza la jiwe la mfalme Ahiramu, nayo huwekwa na wataalamu wengi penye mwaka 1000 kabla ya Kristo.

Maandiko hayo ni mafupi. Yasema kwamba Ittobaal, mwana wa Ahiramu, mfalme wa Gebali, alimfanyia baba yake jeneza hili, na kisha yamlaani mfalme au liwali au jemadari yeyote atakayelifunua. Wezi hawakuiogopa laana hiyo. Kaburi liliibiwa zamani sana. Dhahabu ilikwenda. Herufi zilibaki.

Herufi za Kifoinike zilikuwa 22, zote za konsonanti. Mabaharia na wafanya biashara wa pwani ile walizichukua huko na huko. Wayunani wakazipokea, wakafanya baadhi yake kuwa irabu. Kutoka kwa Wayunani zikafika Italia, Warumi wakaziandikia lugha yao, na kwa njia hiyo zikatufikia hizi tunazosoma sasa. Tena kwa upande wa mashariki, kutoka kwa Wafoinike walipata Waaramu, na kutoka kwa Waaramu zikatoka, baada ya mageuzi mengi, herufi za Kiarabu. Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu karne nyingi, na baadaye kikaandikwa kwa herufi za Kirumi. Watu wengine hudhani kwamba hizo ni njia mbili zisizojuana. Sivyo, ni matawi mawili ya shina moja.

Mkitaka ushahidi, fanyeni hivi. Andikeni herufi A kubwa, kisha igeuzeni juu chini. Mtaona kichwa cha ng'ombe na pembe zake mbili. Wafoinike waliiita alp, yaani ng'ombe. Wayunani waliiita alpha. Nasi tuliosoma chuoni twaiita alifu. Herufi ya pili waliiita bet, yaani nyumba. Waarabu husema bado beit kwa maana ya nyumba, na washairi wetu walipoita sehemu ya shairi ubeti walichukua neno la asili hiyohiyo. Na herufi M ilikuwa mem, maana yake maji; mistari yake yapanda na kushuka kama mawimbi.

Sisi tufundishao watoto twajua thamani ya jambo hili. Mtoto akianza alama 22 au 26 leo, kabla ya mwaka kwisha aweza kulisoma jina la babaye. Kama kuandika kungalibaki kazi ya mamia ya alama, shule ya kijiji isingaliwezekana, na barua ya mwana aliye mbali ingalingojea mwandishi wa mfalme.

Wenye Nchi Wengi

Baada ya siku za Ahiramu ulimwengu uligeuka mara nyingi, na Gebali ikajifunza kuinama upepo upitapo. Iliwalipa kodi Waashuri, ikawatumikia Wababeli, kisha Waajemi. Iskanda Mkubwa alipokuja mwaka 332 kabla ya Kristo, mji wa Tiro ulimpinga, ukazingirwa miezi saba na kuangamizwa. Gebali ilifungua malango, ikasalimika. Mwaka 64 kabla ya Kristo akaja Pompeyo, jemadari wa Rumi, akamkata kichwa mtawala mwonevu aliyekuwa ameushika mji.

Katika zamani za Warumi mji ulijulikana kwa ibada ya Adonisi, kijana mzuri ambaye hadithi yasema aliuawa na nguruwe wa mwituni. Kusini ya mji kuna mto ambao wakati fulani wa mwaka maji yake huwa mekundu. Wengi walisema ni damu ya Adonisi. Wengine, hata katika siku zile za kale, walisema ni udongo mwekundu uletwao kutoka milimani. Watu walikuja kutoka mbali kuomboleza na kushangilia, wakala na kulala na kununua. Kwa hiyo wageni wa kutembelea si jambo jipya katika mji huu.

Mierezi ilikuwa imepungua sasa. Mfalme Hadriano wa Rumi, aliyetawala tangu mwaka 117 hata 138 baada ya Kristo, aliamuru mawe ya milima ya Lebanoni yachongwe maneno kuonyesha kwamba aina fulani za miti ni mali ya mfalme. Mengi ya mawe hayo yangaliko. Misitu ambayo miti yake ya thamani ilibaki michache hata kuhitaji mlinzi. Mawe yamebaki kwa wingi kuliko mierezi yenyewe.

Kisha ukaja Ukristo, na katika miaka ya 630 wakaja Waarabu na Uislamu. Mji ukaitwa Jubayl. Mwaka 1104 Wazungu wa Vita vya Msalaba, wakisaidiwa na merikebu za Genoa, waliuteka na kujenga ngome. Walichukua nguzo za mawe za Warumi, wakazilaza ndani ya kuta zao ili kuzitia nguvu, na miisho yake ya mviringo yaonekana leo kama magogo yaliyopangwa. Mwaka 1115 walianza kanisa ambalo hata leo watu husali humo. Salahuddini aliutwaa mji mwaka 1187. Miaka kumi baadaye Wazungu wakarudi. Mwisho wa karne ya 13 Wamamluki wa Misri wakawaondoa. Mwaka 1516 nchi yote ya Shamu ikawa chini ya Waturuki, na Jubayl ikawa mji mdogo tu wa pwani, na ndani ya kuta zake kuukuu wakakaa wavuvi na wakulima.

Vita Kuu ya 1914 hata 1918 ilileta njaa kali katika milima ya Lebanoni. Nzige walikula mashamba, bahari ilifungwa na manowari, na chakula kilizuiwa; watu wengi mno walikufa. Na miti mingi iliyosalia milimani ilikatwa ikawa kuni za garimoshi za jeshi. Mtu aliyezisoma barua za Rib-Hadda angaliona kwamba mambo yale yamerudi.

Majembe ya Wataalamu

Mfaransa Ernest Renan alifika mwaka 1860 kutafuta mabaki ya Wafoinike. Dada yake Henriette, aliyemsaidia, alikufa kwa homa mwaka 1861, akazikwa katika kijiji cha Amchit, karibu na Jubayl. Katika mwaka wa 1921 alianza Pierre Montet. Mwaka uliofuata sehemu ya genge kando ya bahari iliporomoka, na kaburi la mfalme wa kale likawa wazi. Na mwaka 1923 likaonekana jeneza la Ahiramu. Aliyefuata ni Maurice Dunand, ambaye alichimba Jubayl yapata miaka 50, hata vita vilipomfukuza.

Hapa yafaa tuseme ukweli wote. Kilima chenye mji wa kale hakikuwa kitupu. Juu yake palikuwa na nyumba na bustani za watu wa Jubayl. Ili wachimbuzi wapate kushuka chini, nyumba hizo zilinunuliwa na kubomolewa, na wenyewe wakahamia kwingine. Hekalu la minara ya mawe liliondolewa jiwe kwa jiwe likajengwa kando, wapate kuchimba chini yake, na mabaki ya ukumbi wa michezo wa Warumi yakahamishwa hata ukingo wa bahari. Tena Dunand alikata udongo kwa tabaka za sentimeta 20 zilizo sawasawa, na wataalamu wa baadaye wamemlaumu, kwa kuwa mabaki ya watu hayalali sawasawa kama kurasa za kitabu. Twamshukuru kwa aliyoyafunua. Lakini udongo ukichimbwa mara moja hauchimbwi mara ya pili.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilianza Lebanoni mwaka 1975 vikadumu hata 1990. Makumbusho ya Taifa ya Beirut yalikuwa penye mpaka wa wapiganaji. Mkuu wake, Maurice Chehab, aliamuru majeneza makubwa ya mawe, lile la Ahiramu likiwemo, yafunikwe kwa kuta za saruji. Risasi na moto vilipita, na vita vilipokwisha saruji ilivunjwa. Herufi zilikuwa palepale.

Wageni wa Siku Hizi

Baada ya mwaka 1945 wakaja wageni wa namna nyingine, walioleta kamera mahali pa magogo. Matajiri na wachezaji wa sinema walitia mashua zao katika bandari ileile ya Zakarbaal, wakala samaki katika mahoteli ya ufukoni. Mwaka 1984 Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni liliuandika mji katika orodha ya urithi wa dunia. Sokoni siku hizi huuzwa nguo, vyombo, na hata mawe yenye alama za samaki waliokufa zamani sana kabla ya mtu wa kwanza. Mawe hayo huchimbwa katika vijiji vya mlimani.

Utalii umewapa watu wa Jubayl riziki, wala sisi hatuubezi. Lakini una tabia ya biashara ya mierezi: hutegemea mtu aliye mbali. Vita vya 1975 viliukatiza. Mwaka 2006 kiwanda cha umeme cha Jiyeh, kusini ya Beirut, kilipigwa mabomu, na maelfu ya tani za mafuta mazito yakamwagika baharini, yakafika Jubayl na kuyatia weusi mawe ya kale ya bandari. Tangu mwaka 2019 fedha ya nchi ilianguka vibaya. Kila mara wenye maduka walikaa milangoni wakitazama bahari, kama Rib-Hadda alivyoitazama akingoja merikebu za Misri.

Basi turudi kwenye swali letu. Mierezi iliyouzwa ilikwisha. Katika milima yote ya Lebanoni vimebaki vichaka vichache, kama kile cha Jaj juu ya Jubayl, navyo hulindwa kwa sheria. Mwerezi umewekwa katikati ya bendera ya taifa, lakini mti wenyewe hukua polepole sana, na aupandaye leo hatauona mkubwa. Dhahabu ya makaburi iliibiwa. Wafalme walioogopwa wamekuwa majina. Lakini zile alama chache walizogawiana wafanya biashara wa pwani ile hazikupungua kwa kugawiwa. Kila aliyepewa aliwapa wengine, na aliyetoa hakukosa chake, hata zikavuka bahari na majangwa zikafika katika vijiji vyetu.

Wasikilizaji na wasomaji, katika nchi zetu pia kuna misitu, na wanunuzi hawakosi. Wazee wenye kukata shauri la kijiji wataona wenyewe habari ya Gebali yawafaa wapi. Nanyi wanafunzi, kesho mtakapoandika A ya kwanza juu ya ubao, kumbukeni yule ng'ombe mwenye pembe mbili, na mji mdogo juu ya mawe ambako maandiko hayo ya kwanza marefu yalilala katika giza la kaburi miaka 2900, yakingoja msomaji.